Kodiani ya Besi Ngapi, Rejista Zipi? Mwongozo Kamili Kabla Hujatoa Pesa

"Nichukue besi 120 au 48?" Hilo ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Nami nikiuliza, "Unapiga nyimbo gani, kwa ufunguo gani, na nani?", hapo kimya kinatanda. Mtu anakwenda kununua akiwa na nambari moja tu kichwani, miezi miwili baadaye kodiani imelala chini ya kitanda.

Nami nimepita njia hiyo hiyo. Kodiani yangu ya kwanza ilikuwa besi 120 ya mtumba, nikaivusha kwa boti kutoka Dar es Salaam hadi Unguja nikiwa na furaha ya bwana harusi. Siku ya kwanza ya mazoezi ya taarab kiongozi aliniambia, "Mkono wa kushoto uache, besi lipo." Kweli lilikuwepo, lile kubwa la kusimama, limeegemea ukuta. Nikabaki na mkono wa kulia. Wimbo haujafika ubeti wa pili, mpiga fidla akashusha upinde wake akaniuliza, "Hiyo ni sauti moja au mbili?"

Basi nilikuwa nimelipia vitufe 120 nisivyovigusa, na nilichokihitaji, yaani sauti safi ya kulia, sikukikagua hata kidogo. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Ukiruka ya kwanza, zilizobaki zote zitakuwa za kubahatisha.

## Vitu vya kuandaa

- Simu yenye programu ya kupimia sauti inayoonyesha senti. Nusu toni moja ina senti 100.
- Mizani ya bafuni.
- Kiti kisicho na mikono.
- Daftari na penseli.
- Majina ya nyimbo sita unazopiga sasa au utakazopiga mwaka huu. Zile za ndotoni zisubiri.
- Tochi ndogo.
- Mtu mwenye sikio zuri. Si lazima awe mwanamuziki.

Bisibisi iache nyumbani.

Maneno machache ili tusipotezane. Nikisema vibao ni vile vya piano upande wa kulia, vitufe ni vile vya kushoto, na ndimi ni vipande vyembamba vya chuma vinavyotetemeka ndani hewa ikipita. Mivukuto unaijua. Kodi hapa ni sauti tatu zinazolia pamoja, si ile ya mwenye nyumba.

Jambo moja zaidi: "besi 72" haina maana ya sauti 72 nzito. Ni hesabu ya vitufe vyote vya kushoto, vya besi pamoja na vya kodi.

## Hatua ya 1: Andika nyimbo, funguo, na anayeshika besi

Chora jedwali la safu tatu. Ya kwanza jina la wimbo, ya pili ufunguo wake, ya tatu nani anapiga besi wimbo huo ukipigwa.

Safu ya tatu ndiyo watu huisahau, na ndiyo inayookoa pesa. Katika kikundi cha taarab chenye besi la kusimama au gitaa la besi, kodiani hubeba wimbo pamoja na fidla. Ukianza kudunda besi zako na wewe, mnagongana. Lakini ukiwa peke yako, kanisani bila kinanda kingine, darasani na watoto, au katika mwomboko wa Wakikuyu ambako kodiani huongoza na chuma cha karing'aring'a hushika mapigo, hapo mkono wa kushoto una kazi.

Kwa wapiga taarab kuna sababu ya pili. Katika maqam (mpangilio wa sauti za muziki wa Kiarabu) iitwayo rast, inayoanzia C, sauti ya tatu hukaa chini kidogo ya E ya piano, karibu robo toni. Kitufe cha kodi ya C meja kinatoa E ile ile ya piano. Ukikibonyeza wakati fidla na mwimbaji wamekaa kwenye robo toni, wasiojua muziki nao watakunja uso.

Umefaulu ikiwa unaweza kusema kwa sentensi moja: "Nyimbo zangu ziko kati ya B flati na D, na besi napiga mwenyewe," au vyovyote iwavyo kwako.

## Hatua ya 2: Geuza funguo kuwa hesabu ya safu

Hapa tulia, maana ndipo wengi wanapopotea.

Vitufe vya kushoto vimepangwa kwa safu za mshazari. Kila safu ni ya sauti moja ya msingi. Safu ya C ina kitufe chenye kishimo au kito kidogo, ili kidole kikipate bila macho. Kutoka C ukipanda kuelekea kidevu unakuta G, kisha D, A, E, B. Ukishuka unakuta F, B flati, E flati, A flati.

Kwenye kodiani kamili, ndani ya safu moja, kuanzia upande wa mivukuto, kuna vitufe sita: besi ya tatu (kwa C ni E), besi ya msingi, kodi ya meja, kodi ya maina, kodi ya saba, na kodi iliyopunguzwa.

Sasa hesabu. Wimbo wa C meja unahitaji kwanza C, F na G, safu tatu zinazokaa pamoja. Ukiongeza kodi za maina za ufunguo huo, D, A na E, unapata safu sita mfululizo: F, C, G, D, A, E. Kanuni ni hii: kwa kila ufunguo wa meja, hesabu safu moja chini yake na nne juu yake.

Tuseme nyimbo zako ziko kati ya B flati na D. B flati inakuanzisha kwenye E flati. D inakufikisha F shapu. Hesabu kwa vidole: E flati, B flati, F, C, G, D, A, E, B, F shapu. Safu kumi. Kodiani ya safu nane haitoshi, ya safu kumi na mbili inatosha na chenji inabaki.

Umefaulu ikiwa una nambari ya safu iliyozungushiwa duara daftarini.

## Hatua ya 3: Linganisha safu zako na saizi zilizopo

Saizi utakazokutana nazo mara nyingi ni hizi:

- Besi 12: safu 6, vitufe 2 kila safu. Besi na meja tu, hakuna maina.
- Besi 32: safu 8, vitufe 4.
- Besi 48: safu 12 zenye vitufe 4, au safu 8 zenye vitufe 6.
- Besi 60: safu 12, vitufe 5.
- Besi 72: safu 12, vitufe 6.
- Besi 80: safu 16, vitufe 5.
- Besi 96: safu 16, vitufe 6.
- Besi 120: safu 20, vitufe 6.

Angalizo: itazame hiyo 48 mara mbili. Kodiani mbili zina nambari ile ile lakini moja ina safu nane na nyingine kumi na mbili. Usimuulize muuzaji "ni besi ngapi". Mwambie apige picha upande wa kushoto, uhesabu mwenyewe.

Tafakari hili pia. Muziki wa piano una sauti 12 tu kabla hazijajirudia. Kodiani ya safu 12 tayari ina zote. Besi 72, kwa hiyo, ina kila besi na kila kodi iliyomo kwenye 120. Safu nane za ziada za ile kubwa ni marudio: sauti zile zile zimewekwa tena mwishoni ili mkono usiruke mbali unapofika ukingoni. Kwa anayepiga funguo zenye flati au shapu nyingi, hiyo ni raha kubwa. Kwa mwingine ni uzito tu.

Mbona basi wanamuziki wakubwa wanabeba 120? Kwa sababu kodiani hizo ndizo kwa kawaida zenye vibao 41 na ndimi nyingi zaidi upande wa kulia. Wengi wao wanafuata kulia, kushoto kunakuja pamoja nako.

Kama besi inapigwa na mwingine, usihangaike: 48 au 60 zinatosha kabisa. Ila chungulia vibao. Besi 72 mara nyingi huja na vibao 34, besi 96 na vibao 37, na kuna 48 zenye vibao 26 tu. Piga wimbo wako wenye sauti za mbali zaidi, chini na juu. Ukikosa kibao hata kimoja, hiyo si yako.

## Hatua ya 4: Pima uzito, kisha jipime mwenyewe

Simama kwenye mizani bila kodiani, kisha ukiwa nayo. Toa. Besi 48 huwa na kilo tano au sita hivi, 72 karibu saba, 120 kilo kumi hadi kumi na mbili.

Sasa kaa kwenye kile kiti, vaa mikanda yote miwili, piga dakika ishirini bila kupumzika. Dakika tano hazitoshi. Kodiani zote ni nyepesi kwa dakika tano, na harusi ya Unguja haiishi kwa dakika tano.

Angalizo: maumivu ya mabega yanaweza kuwa ya mikanda iliyolegea. Ikaze, rudia. Yakirudi kwenye kiuno au mkono wa kushoto ukaanza kutetemeka ukivuta mivukuto, shuka saizi moja.

Umefaulu ikiwa baada ya dakika ishirini unapiga wimbo wa mwisho kwa nguvu ile ile ya wa kwanza.

## Hatua ya 5: Jua ndimi zinazolia nyuma ya kila rejista

Tumefika kwenye moyo wa jambo. Nikilazimika kukuachia hatua moja tu ya mwongozo huu, ningekuachia hii.

Ukibonyeza kibao kimoja, ndani zinaweza kulia seti moja ya ndimi, mbili, tatu au nne. Seti zenyewe ni za aina tatu:

- M, ya kati. Inalia pale pale kibao kilipo.
- L, ya chini. Inalia oktavu moja chini. Sauti nene, ya koo.
- H, ya juu. Inalia oktavu moja juu. Kali kama filimbi.

Rejista ni swichi zinazochagua seti zipi zilie. Juu ya swichi kuna duara lililogawanywa sehemu tatu kwa mistari miwili. Kitone sehemu ya chini ni L, vya katikati ni M, cha juu ni H. Ukijua kusoma vitone hivyo, majina yaliyoandikwa pembeni, Bassoon, Clarinet, Musette, Master, hayakusumbui.

Hakikisha kwa simu. Bonyeza A iliyo juu ya C ya katikati. Rejista ya M peke yake itasoma karibu hezi (mitetemo kwa sekunde) 440 au 442. Ya L, 220 hivi. Ya H, 880. Ikisoma kingine, ama swichi haifungi vizuri ama mtu ameshachokonoa ndani.

Mipangilio utakayokutana nayo:

MM. Seti mbili za kati, moja imepandishwa kidogo ili zitetemeke. Sauti ya furaha, ya uwanjani. Haina chini.

LM. Hakuna mtetemo, lakini kuna sauti nene na nyembamba. Inadharauliwa bure. Kwa taarab mimi ningeichukua kabla ya MM, bila kufikiri mara mbili.

LMM. Hii inafaa kwa watu wengi zaidi. M peke yake kwa wimbo safi, L peke yake kuifuata sauti ya mwimbaji wa kiume, LM kwa kitu kizito, MM kwa shangwe.

LMMH. Inaongeza ile filimbi. Nzuri ukipiga mahali penye kelele bila kipaza sauti. Utalipa kwa uzito.

LMMM. Ndimi tatu za kati kwa mtetemo mkubwa wa Kifaransa. Kama hupigi muziki huo, iache.

Utasikia pia habari za chemba ya sauti inayolainisha L na M, ile Waitaliano wanayoiita cassotto. Ni tamu kweli. Pia ni ghali na nzito, na kwenye kikundi cha watu kumi na tano hakuna atakayeisikia.

Angalizo: usihesabu swichi. Nimeona kodiani yenye swichi saba na seti mbili tu za ndimi, swichi zinajirudia. Hesabu vitone tofauti.

Umefaulu ikiwa unaweza kuandika herufi za kodiani iliyo mbele yako, kwa mfano LMM, bila kumuuliza muuzaji.

## Hatua ya 6: Pima mtetemo

Mpiga fidla wangu alikuwa analalamikia hiki. Chagua rejista ya MM, bonyeza A ile ile kwa nguvu ya kawaida, na urekodi sekunde kumi. Utasikia mawimbi: wa-wa-wa-wa. Yahesabu.

Mawimbi 25 kwa sekunde kumi ni tofauti ya senti 10 hivi kati ya seti hizo mbili. Mawimbi 50 ni senti 20. Chini ya 25 ni mtetemo mkavu, unaokaa vizuri na fidla, udi na ganuni. Kati ya 25 na 40 ni wa kuchangamka bila kuwa na fujo. Kupita 50, unanunua sauti ya baa ya Paris, na kodiani yangu ya kwanza ilikuwa hapo.

Kwa nini ni muhimu kwetu? Robo toni ni senti 50. Sauti yako ikiwa tayari imetandaa senti 20, sikio halijui maqam imekaa wapi.

Habari njema: mtetemo mpana haukufungi ikiwa kodiani ina rejista ya M peke yake. Hiyo rejista moja ilinisaidia kumaliza mwaka mzima na kikundi kile. Kodiani ndogo za MM zisizo na swichi yoyote hazikupi njia hiyo, zinatetemeka daima.

Wako wanaoshusha ndimi za E na B kwa robo toni, kama wafanyavyo wapigaji wa muziki wa Kiarabu. Inawezekana, kwa sababu ulimi ukikwanguliwa karibu na mzizi sauti hushuka, ukikwanguliwa nchani hupanda. Lakini chuma kilichokwanguliwa hakirudi. Usimpe fundi wa radio, wala usijaribu mwenyewe kwa msasa wa kucha. Na baada ya hapo, kodiani hiyo haitafaa tena kwa kwaya.

Umefaulu ikiwa yule mtu wako mwenye sikio, akiwa amefumba macho, anasema anasikia sauti moja unapobonyeza M, na sauti moja inayopumua unapobonyeza MM.

## Hatua ya 7: Rejista za kushoto, kwa ufupi

Kodiani ndogo hazina, na si kasoro. Kubwa zinaweza kuwa na mbili hadi saba. Unazihitaji mbili: moja nzito, moja nyepesi inayozima sauti za chini kabisa ili usimzidi mwimbaji. Zaidi ya hizo usizilipie.

## Hatua ya 8: Kagua kodiani yenyewe, sauti kwa sauti

Kila sauti ina ndimi mbili, moja ya kusukuma na moja ya kuvuta. Kwa hiyo kodiani ya LMM yenye vibao 34 ina ndimi 204 upande wa kulia pekee. Zipitie zote: rejista moja, kila kibao, kusukuma kisha kuvuta. Inachukua nusu saa. Muuzaji akianza kutazama saa, endelea.

Sikiliza ulimi unaochelewa, unaokoroma, au unaolia upande mmoja tu. Mmoja au wawili ni kazi ndogo ya fundi. Wakizidi kumi, bei ishuke sana au uondoke.

Kisha mivukuto. Fungua vifungo vyake, ishike kodiani kwa upande wa vibao ili upande wa besi uning'inie, usibonyeze chochote. Ikifunguka polepole ni nzima. Ikianguka kama ndoo kisimani, hewa inavuja.

Chungulia kwa tochi kwenye mikunjo na kwenye matundu ya nyuma ya vibao, na nusa. Harufu ya ukungu ni habari mbaya. Ndimi ni chuma, na hewa ya chumvi ya pwani yetu haina huruma na chuma. Nyingi zimegandishwa kwa nta, kwa hiyo usiiache kodiani ndani ya gari lililo juani: nta ikilainika, ndimi huteleza.

## Ukinunua kutoka mbali

Nyingi zinakuja za mtumba kutoka Ulaya na huwezi kuzigusa kwanza. Omba video moja isiyokatwa yenye mambo haya: upande wa kushoto kwa karibu, uhesabu safu, kila rejista ikibonyezwa, vitone vikionekana, A ya katikati kwa M, kisha MM kwa sekunde kumi kamili, vibao vyote kwa M, kusukuma na kuvuta, mivukuto ikining'inia.

Kodiani ninayopiga sasa niliipata hivyo: besi 72, vibao 34, LMM, mawimbi 22 kwa sekunde kumi, kilo saba na nusu. Muuzaji alituma video mbili za kwanza zikiwa zimekatwa kabla ya kufika B ya juu. Nikaomba ya tatu. B ilikuwa bubu kwenye kuvuta, akapunguza bei, na fundi akaimaliza kwa asubuhi moja: ilikuwa chembe ya vumbi.